Msimlaze Mchana Kutwa, Mwacheni Atembee

Mwanamke wa Unguja akimaliza mionzi ya saratani ya matiti katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kushuka kwenye boti bandarini Malindi, nyumba nzima humpokea kwa amri moja: apumzike. Hutengewa chumba chenye upepo, watoto hukatazwa kupiga kelele, mbuzi ya nazi na kinu haruhusiwi kuvigusa, dada zake na mawifi hugawana zamu za jikoni. Wageni wanaokuja kumkagua humkuta amelala, na wakimkuta amekaa barazani humrudisha ndani. Nia zao ni njema kabisa. Lakini nimelifuatilia jambo hili kwa muda, nimewasikiliza wanawake wenyewe na kusoma yaliyochunguzwa kwingine, na ninaamini kwamba kumlaza mchana kutwa mtu aliyekwisha kumaliza tiba kunachangia kumkesheza usiku. Nusu saa ya kutembea asubuhi ingemfaa kuliko godoro.

Kliniki huulizwa mengi. Kidonda kimekauka? Mkono unanyanyuka? Kuna kivimbe kipya? Vidonge anameza? Usingizi hauulizwi, au huulizwa kwa kupita tu, naye hujibu "alhamdulillahi" na kunyamaza. Anaona haya. Baadhi ya wenzake aliokaa nao kwenye benchi moja wakisubiri mionzi wamekwisha kuzikwa. Yeye yuko hai, ataanzaje kulalamika kwamba halali? Basi shida hiyo hubaki baina yake na mto wake, miezi kwa miezi, na kwa wengine miaka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Sisi tunaojua jinsi wagonjwa wetu wengi wanavyofika hospitali wakiwa wamechelewa, jicho letu hukimbilia hiyo hesabu ya pili. Lakini tuitazame na ya kwanza. Ulimwenguni kote wanaobaki hai baada ya tiba ni wengi, na hata hapa kwetu kila mwaka wanaongezeka wanaorudi majumbani mwao. Wana watoto wa kulea, biashara za kufufua, madeni ya kulipa, ibada za kutekeleza. Kuwapongeza kwa kupona na kuishia hapo ni kuwaacha nusu ya njia.

Mama mmoja wa Jang'ombe, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, alinieleza usiku wake unavyokwenda. Akishaswali Isha hujilaza, na usingizi wa mwanzo huja bila shida. Kiasi cha saa sita joto humpanda kutoka kifuani, likafika shingoni na usoni, kanga ikalowa chapa. Huvua, hujipepea, jasho likikauka huhisi baridi, hujifunika tena. Mkono wa kushoto, upande aliokatwa titi, lazima auweke juu ya mto mdogo, maana akiulalia huamka umekufa ganzi na mzito. Saa nane anasikiliza feni. Saa tisa anaanza kuhesabu: uchungu huu wa mgongo ulianza lini? Ni wa kuinama au ni kitu kingine? Muadhini anapoadhini alfajiri ndipo usingizi unapomjia kwa nguvu. Huswali kwa taabu, hurudi kitandani, na watu wa nyumbani humwachia alale. "Wananionea huruma," aliniambia. Huamka saa tatu, hunywa chai, na baada ya chakula cha mchana hulala tena hadi karibu na Alasiri. Usiku ukiingia, kisa ni kilekile.

Katika maelezo yake mna takriban kila sababu inayotajwa na wataalamu. Lile joto hutokana na dawa kama tamoksifeni, inayozuia homoni ya estrojeni isiilishe saratani, na ambayo mwanamke huimeza kwa miaka 5, wengine hadi 10. Wapo pia ambao kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huwakatisha hedhi ghafla, wakaingia ukomo wa hedhi kabla ya wakati wao. Kwa mwanamke wa hapa, joto hilo la ndani linakutana na joto la nje: usiku wa kaskazi, Januari au Februari, chumba cha matofali kimekunywa jua kutwa, na umeme ukikatika hata feni haipo. Wakati wa kemo yenyewe kuna deksamethasoni, dawa inayotolewa kuzuia kichefuchefu na mzio, ambayo inajulikana kwa kumfanya mtu akodoe macho usiku kucha. Mkono unauma na kuvimba kwa sababu tezi za kwapani zimeondolewa au zimechomwa na mionzi, majimaji yakakosa njia ya kupita. Na hofu ya ugonjwa kurudi haihitaji maelezo. Saa nane za usiku kila kiungo kinachouma ni kansa.

Sababu inayosahauliwa ni ule mchana wake. Usingizi wa binadamu huendeshwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni deni: kila saa unayokaa macho, na hasa ukiwa unajishughulisha, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kuzidisha hamu ya kulala. Ukilala saa tatu nzima mchana, umelilipa deni kabla ya usiku kufika. La pili ni saa ya mwili, ambayo hujirekebisha kila siku kwa mwanga, na mwanga wa asubuhi ndio unaoifaa zaidi. Mtu anayeshinda chumbani pazia zikiwa zimeteremshwa, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe vyumba vyake vya ndani havioni jua kabisa, saa yake hiyo hupoteza majira. Hajui mchana umeanza lini, na usiku ukija haujui vilevile.

Ndiyo maana kutembea asubuhi kuna faida maradufu. Miguu inaongeza deni la usingizi, macho yanapata mwanga. Kuna na la tatu, ambalo wanawake wenyewe hulitaja kabla ya mengine: akitoka nje anaacha kujifikiria. Anasalimiana na watu, anaona samaki waliovuliwa, anasikia habari za harusi ya fulani.

Utafiti unasemaje? Nitaueleza kama ulivyo, maana wagonjwa wa saratani wamechoshwa na watu wanaowaahidi makubwa.

Mwaka 2013 Karen Mustian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 410 waliokuwa wamemaliza tiba ya saratani na wanaosumbuliwa na usingizi. Karibu wote walikuwa wanawake, na robo tatu yao walikuwa wametibiwa saratani ya matiti. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida, jingine likaongezewa yoga ya taratibu, kujinyoosha na kupumua, mara 2 kwa wiki kwa muda wa wiki 4. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini lililofanya mazoezi lilipata zaidi, na matumizi yao ya dawa za usingizi yakapungua.

Uchunguzi uliofuata ndio ulionivutia zaidi. Michael Irwin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichukua wanawake 90 waliopona saratani ya matiti na wenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Nusu walipewa tiba ya mazungumzo ya kurekebisha mazoea ya usingizi, ambayo ndiyo inayohesabiwa kuwa tiba ya kwanza ya tatizo hilo, mbele ya vidonge. Nusu nyingine walifundishwa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Walipopimwa miezi 15 tangu kuanza, asilimia 43.7 ya kundi la mazungumzo walikuwa wamepata nafuu ya kweli, na asilimia 46.7 ya kundi la taichi. Yaani mwendo wa taratibu haukuachwa nyuma na tiba bora iliyokuwepo. Kwa Zanzibar, ambako wataalamu wa afya ya akili wa kumkalisha kila mgonjwa wiki baada ya wiki ni wachache mno, matokeo hayo yana uzito wa pekee. Hatuna uwezo wa kuzalisha wanasaikolojia kumi kesho. Watu wa kuwaongoza wanawake katika mazoezi ya taratibu tunao leo.

Sasa mipaka yake. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilichapisha tathmini ya tafiti za mazoezi kwa watu waliougua saratani. Kwa uchovu, wasiwasi, huzuni na uwezo wa mwili kufanya kazi, walisema ushahidi ni wa nguvu. Kwa usingizi walisema ni wa wastani. Tofauti hiyo inatokana na mambo kadhaa, mojawapo ni namna ya kupima. Tafiti nyingi hutumia dodoso lililotungwa Pittsburgh mwaka 1989, ambapo mtu huulizwa jinsi alivyolala mwezi uliopita na kupewa alama kuanzia 0 hadi 21. Ukizidi 5 usingizi wako huhesabiwa kuwa mbaya. Kwenye dodoso, wanaofanya mazoezi huonyesha nafuu. Wanapovishwa kifaa cha mkononi kinachorekodi mitikisiko usiku, nafuu hiyo mara nyingi huwa ndogo au haionekani wazi.

Wapo wanaolitumia hilo kusema mazoezi ni kujiliwaza tu. Sikubaliani nao. Mwanamke anayeamka akihisi amelala amepata kitu ambacho kifaa cha mkononi hakiwezi kumnyang'anya. Na hata ukiliweka pembeni suala la usingizi, mazoezi hayohayo yanampunguzia uchovu na wasiwasi, jambo ambalo halibishaniwi tena. Ushahidi wa wastani, madhara machache, gharama karibu na bure: sioni tunangoja nini.

Nikilisema hili mbele ya kina mama, jibu huja haraka. Mazoezi gani tena, mwanangu, na kazi zote hizi? Jibu hilo lina haki yake. Mkulima wa mwani wa Jambiani au Paje hutumia mwili wake kuliko wengi wanaokimbia kwa raha zao. Siku za bamvua huteremka maji yakitoka, huinama saa kadhaa akifunga mbegu kwenye kamba, huvuta, hubeba mafurushi yaliyolowa hadi ufukweni. Mchuma karafuu wa Pemba naye hana haja ya kufundishwa jasho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unahesabu kazi za nyumbani na za shamba kuwa sehemu ya kuushughulisha mwili, nami sitazibeza.

Ila kwa mtu aliyetoka kwenye tiba, kazi hizo zina kasoro tatu. Haziji kwa kiasi anachokiweza: maji yakitoka yametoka, mzigo ni uleule uliokuwepo kabla hajaugua. Hazina mpangilio wa siku, kwani bamvua likiisha hukaa bila kazi, na usingizi unapenda mazoea. Na zaidi, humwelemea upande mmoja, mara nyingi mkono uleule ulioathirika. Mazoezi ninayoyatetea yana mwanzo na mwisho, anayapanga mwenyewe, na anayaongeza kidogokidogo. Wiki ya kwanza dakika kumi, baadaye kumi na tano, mpaka zifike thelathini, siku tatu au nne kwa wiki. Kipimo cha mwendo ni rahisi: awe anaweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi, lakini akijaribu kuimba kasida ashindwe. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima wote, pamoja na waliougua saratani, lakini hilo ni lengo la mbele. Anayetoka kitandani asitishwe nalo.

Hapo inabidi aliye mzima afanye sehemu yake. Nusu saa hiyo lazima itoke mahali. Ikiwa mama atatembea asubuhi halafu akirudi anangojwa na vyombo, nguo na chai ya watu wanane, tumemzidishia mzigo tu. Mume, mabinti na watoto wa kiume vilevile, hasa hao wa kiume, wachukue vyombo na wamwachie matembezi. Familia nyingi hufanya kinyume: humpokonya mgonjwa kila mwendo wiki za mwanzo, kisha akionekana ana nafuu humrudishia kila kazi kwa siku moja.

Hofu nyingine ni ya mkono. Kwa miaka mingi waliotolewa tezi za kwapani waliambiwa, na hospitali zenyewe, wasinyanyue kitu kizito kwa mkono ule maisha yao yote. Wengi bado wanaishi kwa agizo hilo, mkono umekonda misuli na bega limekaza hata kufunga ushungi ni taabu. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha uchunguzi wa wanawake 141 ambao tayari mikono yao ilikuwa inavimba. Waliofundishwa kunyanyua uzito mara 2 kwa wiki, wakianza na mdogo sana na kuongeza polepole huku wakisimamiwa, mikono yao haikuvimba zaidi ya wale wasionyanyua. Tena waliopatwa na uvimbe wa kuzidi ghafla walikuwa asilimia 14, dhidi ya 29 kwa wenzao. Jambo la kushika katika habari hiyo ni usimamizi na uongezaji wa polepole. Haimaanishi abebe kiroba cha mchele kesho. Chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia, na mtaalamu wa fiziotherapia amwonyeshe namna ya kuinyanyua.

Kwa upande wa mazoezi Zanzibar haianzi na sifuri. Kila Januari 1 tunaadhimisha siku ya mazoezi kitaifa, viongozi wakitangulia mbele ya vikundi vilivyovaa fulana za rangi moja. Siku nyingine za mwaka, ukiamka mapema utawakuta watu Maisara, ukutani Forodhani, na kwenye barabara za ng'ambo wakienda mchakamchaka kwa nyimbo. Nadhani ni sehemu chache katika mwambao huu zenye mazoea ya namna hii, na wanawake wamo, wengine wana umri wa kuwa bibi.

Lakini mwanamke aliyekatwa titi hayumo. Nimewauliza baadhi yao kwa nini, na hakuna aliyenijibu kwamba hana nguvu. Wanasema fulana zile zinabana. Wanasema wakiruka titi la kitambaa linahama. Mmoja aliniambia, akitazama chini, kwamba mtaani kwao hakuna anayejua alichoumwa na hataki wajue, kwa kuwa ana mabinti wawili hawajaolewa. Unaweza kuandika miongozo mpaka wino uishe. Kama hukulijibu hilo la mwisho, hatotoka.

Kwa hiyo vikundi vya mchakamchaka havitoshi. Panahitajika saa za wanawake peke yao, mahali penye ukuta: uwanja wa skuli baada ya wanafunzi kuondoka, ukumbi wa madrasa, uani kwa mtu mwenye uwanja mpana. Mavazi yawe ya kawaida, dira na mtandio. Kiongozi awe mwanamke, na akiwa naye amepitia ugonjwa huo ni bora zaidi. Isitangazwe kuwa ni kikundi cha wagonjwa wa kansa. Liitwe kundi la mazoezi ya kina mama, waingie wenye kisukari, wenye presha, wenye magoti, na yule mwenye siri yake aingie nayo bila kuulizwa. Na kama yoga na taichi ni majina yanayowatia watu shaka, yaachwe. Kilichofanya kazi kule ni mwendo wa polepole unaokwenda na pumzi, mikono ikipanda na kushuka bila haraka, na akili ikitulia hapohapo. Wanawake wa visiwa hivi wamecheza lelemama vizazi na vizazi. Hawashindwi kuupata mwendo huo kwa namna iliyo yao.

Tahadhari zipo, na ni wajibu kuzitaja. Ambaye saratani imefika kwenye mifupa asianze bila daktari kumwambia aepuke nini. Aliyepewa dawa za kemo za kundi la doksorubisini, ambazo zinaweza kudhoofisha moyo, akihisi kifua kinabana, pumzi zinakatika au miguu inavimba, asimame na aende hospitali. Ambaye nyayo zimekufa ganzi kutokana na dawa kama paklitakseli avae viatu vya kufunika mguu, aachane na kandambili, na apite njia iliyo sawa, maana vichochoro vyetu vina mawe na mitaro ya kutosha kumwangusha hata mzima. Mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wa moto, hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Na mazoezi ya kutoa jasho yasifanywe karibu na saa ya kulala kwa mtu ambaye joto linampanda usiku.

Kuna jingine linanisumbua. Mwanamke aliyechoka kukesha huenda duka la dawa, na hurudi na kitu. Wengine hununua diazepamu bila cheti, wengine humeza vidonge vya mafua kwa sababu vinalewesha. Diazepamu ikitumiwa muda mrefu hujenga utegemezi, na kwa watu wazima huongeza hatari ya kuanguka. Wengine hupewa dawa za huzuni, ambazo zinaweza kumsaidia mtu kweli, ila mbili kati ya hizo, paroksetini na fluoksetini, huzuia ini lisiibadilishe tamoksifeni kuwa katika hali yake yenye nguvu. Ina maana anatafuta usingizi huku akiipunguza kinga yake dhidi ya ugonjwa kurudi. Mwenye kumeza tamoksifeni amtajie kila anayemwandikia dawa nyingine, wala asiache dawa yoyote kwa kusoma makala hii. Amuulize daktari wake, zipo mbadala.

Mchana wake nao upangwe. Kailula ni jambo jema na sina nia ya kumnyima mtu. Iwe fupi, dakika ishirini au thelathini kiasi cha Adhuhuri, kisha ainuke. Chai ya rangi nzito baada ya Isha aiache. Wageni waje, lakini wamkute amekaa barazani penye mwanga, au bora zaidi waje wakati wa matembezi wamsindikize. Nimeona familia moja ya Kwahani iliyoligeuza hilo kuwa desturi yao: anayekuja kumkagua bibi yao saa za asubuhi hukabidhiwa kazi ya kutembea naye hadi mwisho wa mtaa na kumrudisha.

Ramadhani ina hesabu yake. Usiku hukatika kwa tarawehe na daku, na hata wazima hulala mapandemapande. Anayefunga kwa ruhusa ya daktari wake hawezi kutembea saa tano ya asubuhi juani bila maji. Ahamishie matembezi baada ya Alasiri jua linapopoa, ayapunguze, au aende msikitini kwa miguu na ahesabu hiyo, na akishaswali alfajiri asiendelee kulala mpaka jua liwe kali.

Ninachokiomba kwa wakubwa wa afya hakihitaji jengo jipya. Kila mwanamke anayerudi kliniki baada ya tiba, Hospitali ya Mnazi Mmoja au kwingineko, aulizwe mambo mawili na majibu yaandikwe kwenye faili lake: analalaje, na anatembea kiasi gani. Asiyelala asiambiwe tu apunguze mawazo. Atafutwe sababu: ni joto, ni mkono, ni hofu, ni mchana wake? Kisha aandikiwe mazoezi kwenye karatasi ileile inayoandikwa dawa, yenye dakika na siku, kwa sababu watu wetu huheshimu kilichoandikwa na daktari, na familia yake ikiiona karatasi hiyo haitamrudisha kitandani.

Pemba inataka utaratibu wa ziada. Mwanamke wa Micheweni au Kojani hawezi kusafiri hadi Chake Chake kila wiki kwa ajili ya kufundishwa kunyoosha bega. Wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba chini ya mpango wa Jamii ni Afya wamezoea kuuliza habari za wajawazito na watoto wachanga. Wakifundishwa siku chache na mtaalamu wa fiziotherapia, wanaweza kumfikia pia huyu, wakamwonyesha mazoezi ya mkono, wakamtafutia jirani wa kutembea naye, na wakajua dalili zipi ni za kumpeleka hospitali. Masheha, viongozi wa mitaa na vijiji, wanawajua watu wao, na skuli zenye viwanja zipo hadi vijijini. Waanze na shehia mbili, moja ya mjini na moja ya shamba, wawapime wanawake kwa dodoso lile la usingizi wanapoingia na baada ya miezi mitatu, na matokeo yake wayasomewe wanawake wenyewe kwanza.